Kabla Sijatuma Hela ya Trekta

Ndugu zangu, jamaa na marafiki wote mlioko Kondoa, Dodoma, Dar na kwingineko, salaam nyingi sana kutoka huku Kansas. Mimi mzima, mama watoto mzima, watoto wako shuleni. Kazi ni ile ile ya kiwanda cha nyama, kisu mkononi na baridi mgongoni, lakini tunashukuru, mkono unaenda kinywani.

Leo nina jambo refu kidogo, kwa hiyo wekeni chai jikoni kabisa. Wiki mbili zilizopita mdogo wangu alinipigia simu. Anasema bei ya alizeti imepanda, kila mtu kijijini analima, na yeye amepata trekta la kukodi. Anataka nitume hela tufyeke na kulima ule mteremko wetu wa juu, ule ambao haujaguswa na jembe tangu nikiwa mtoto. "Kaka, ile ni hela imelala pale," akaniambia. Nikamwambia nipe muda nifikirie. Akacheka sana: "Miaka yote hiyo unakaa Marekani kwenye mashamba ya matrekta, halafu unaogopa trekta!"

Ana haki ya kucheka. Lakini hajui ninakaa juu ya ardhi ya namna gani, na wala mimi sikujua nilipofika. Ndiyo maana naandika haya, ili asome yeye, asomewe mama, na wengine wote msome.

Nilipofika hapa Garden City mwaka 2006 nilipanga chumba kwa bibi mmoja wa miaka 80. Siku ya kwanza ya upepo mkali nilimkuta anageuza vikombe na sahani kabatini, vyote kifudifudi. Nikadhani ni uzee. Akaniambia: "Nimefundishwa na mama yangu. Wakati wa vumbi tuligeuza sahani mpaka chakula kiive, la sivyo unakula mchanga." Jioni ile akanisimulia habari ambayo sijaisahau mpaka leo.

Tarehe 14 Aprili 1935, siku ya Jumapili, kulikucha kweupe. Watu walikuwa wameshachoka na vumbi la miezi mingi, wakafungua madirisha, wakatoka kwenda kusali na kutembeleana. Yeye alikuwa mtoto wa miaka 9. Mchana likaonekana wingu jeusi kutoka kaskazini, si la mvua, limegusa chini na limepanda juu kama mlima unaotembea. Ndege walikuwa wanaruka mbele yake kulikimbia. Lilipofika, mtu hakuona mkono wake mwenyewe. Baba yake alirudi kutoka zizini kwa kushika waya wa uzio. Mama yake alilowesha mashuka akayatundika madirishani. Wengi waliamini dunia imekwisha. Siku hiyo mpaka leo inaitwa Jumapili Nyeusi, na kesho yake mwandishi mmoja wa habari akaliita eneo hili kwa jina lililobaki katika vitabu vyote: Bakuli la Vumbi.

Nikamuuliza, vumbi lile lilitoka wapi? Akaninyooshea kidole chini ya miguu yetu. "Lilikuwa shamba letu."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Siku zangu za mapumziko nikawa naenda maktaba ya mji (bure kabisa, jamani, hilo huku nawasifu), na nilivyoendelea kusoma ndivyo nilivyozidi kuiona Kondoa.

Nchi hii ya tambarare ilikuwa majani matupu, toka upeo wa macho hadi upeo wa macho. Mvua yake haifiki milimita 500 kwa mwaka na upepo haulali. Majani yake ni mafupi, ukiyaona utayadharau, lakini chini ya ardhi mizizi yake inashuka zaidi ya mita moja. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nebraska, jirani zetu wa kaskazini, walichimba mitaro mirefu kuifuata mizizi hiyo inakoishia, wakakuta kwamba sehemu kubwa ya mmea iko chini, haionekani. Mizizi inashika udongo, udongo unashika maji, maji yanalisha majani, majani yanalisha nyati wa huku waliokuwa mamilioni, na nyati wanarudisha mbolea. Watu wa asili waliishi kwa kuwafuata nyati hao.

Kumbe hiyo ndiyo ikolojia yenyewe! Neno hilo lilitungwa na Mjerumani Ernst Haeckel mwaka 1866, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya nyumba. Na neno la mfumo ikolojia lilitolewa na Mwingereza Arthur Tansley mwaka 1935, mwaka ule ule wa Jumapili Nyeusi. Akasema usiutazame mti peke yake wala mnyama peke yake, tazama vyote pamoja na udongo, maji na hewa, kwa sababu vinafanya kazi kama kitu kimoja. Nyumba ina nguzo. Ukiondoa moja, paa halianguki siku hiyo, na hiyo ndiyo hatari yake. Unaondoa ya pili, ya tatu, bado unalala humo... mpaka siku ya upepo.

Nguzo ya kwanza kuondolewa hapa ilikuwa nyati. Waliuawa kwa ajili ya ngozi, na pia ili wenyeji wakose chakula wakubali kufungiwa kwenye maeneo maalumu. Kufika mwisho wa miaka ya 1880 walikuwa wamebaki mamia tu. Kisha serikali ikagawa ardhi kwa walowezi, ekari 160 kwa kila kaya kwa sheria ya mwaka 1862, ikaongezwa hadi 320 mwaka 1909. Halafu ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Ulaya ikakosa ngano, na bei hapa ikapanda kutoka kiasi cha dola moja hadi zaidi ya dola mbili kwa kipimo kimoja cha kilo kama 27. Ndipo matrekta yakaingia. Kati ya mwaka 1925 na 1930 peke yake, zaidi ya ekari milioni 5 za majani zilipinduliwa katika tambarare za kusini.

Mdogo wangu, hapa soma taratibu. Walioivunja ardhi hii hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa wachapa kazi, wenye zana mpya, na bei nzuri. Miaka ile mvua ilikuwa njema, kwa hiyo kila aliyelima alipata, na aliyeacha majani yake alionekana mzembe. Mwaka 1931 walivuna ngano nyingi ajabu, bei ikaporomoka hadi chini ya senti 40. Wakafanyaje? Wakalima zaidi ili kufidia. Mwaka uliofuata mvua ikakata. Ngano ikafa, na majani yaliyojua kuvumilia ukame yalikuwa yameshang'olewa. Ardhi ikabaki uchi mbele ya upepo.

Mei 1934 dhoruba moja ilibeba udongo wa huku mpaka New York na Washington, na mwingine ukaangukia meli baharini. Watoto na wazee walikufa kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na vumbi. Kufika mwaka 1940 watu wapatao milioni 2.5 walikuwa wamehama kutoka majimbo ya tambarare.

Sasa kuna jambo moja katika historia hii ambalo lilinichoma mimi binafsi. Kati ya waliolima walikuwepo watu wasioishi hapa kabisa. Walikuwa na kazi zao mijini, wanakuja na sanduku la nguo wakati wa kupanda, wanakodi trekta, wanaondoka, wanarudi kuvuna. Waliitwa wakulima wa sanduku. Mwaka wa hasara hawakurudi hata kutazama. Shamba lao tupu liliachwa lipeperuke juu ya shamba la jirani, hata kama jirani huyo alilima vizuri.

Niliposoma hayo nikafunga kitabu. Maana mkulima wa sanduku ni nani, kama si mimi? Nimekaa Kansas natuma hela ya trekta likalime mteremko wa Kondoa, ambao mchanga wake ukishuka hautaingia kwenye sahani yangu. Utaingia kwenye kisima cha mama.

Nirudi kwenye historia. Huyo Hugh Hammond Bennett, mtaalamu wa udongo, alikuwa amepiga kelele miaka mingi bila kusikilizwa. Aprili 1935 alikuwa Washington akiwaeleza wabunge, na vumbi la tambarare likaja kumtolea ushahidi. Tarehe 27 Aprili, siku 13 tu baada ya Jumapili Nyeusi, sheria ya kuhifadhi udongo ikapitishwa na idara maalumu ikaanzishwa. Serikali ikawalipa wakulima walime kwa kufuata usawa wa mteremko. Kati ya mwaka 1934 na 1942 ikapandwa mistari ya miti ya kuzuia upepo, zaidi ya miti milioni 200. Ng'ombe waliokosa malisho mwaka 1934 walinunuliwa na serikali, dola 14 hadi 20 kwa mmoja. Lakini lililodumu kuliko yote lilianza mwaka 1937: wilaya za kuhifadhi udongo, ambazo wakulima wenyewe wanapiga kura kuzianzisha na wanachagua wasimamizi kati yao. Mpaka sasa zipo karibu 3,000 nchi nzima.

Habari za vumbi hili zilifika mpaka kwetu. Maofisa wa Kiingereza huko Kenya na Tanganyika walisoma habari za Marekani wakatishika, wakaona Afrika Mashariki nayo itageuka jangwa. Kutishika kwao kulikuwa na sababu. Tatizo lilikuwa namna walivyolishughulikia, kwa amri. Ukambani mwaka 1938 walianza kuwapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu. Wakamba wakaongozwa na Muindi Mbingu wakatembea hadi Nairobi kulalamika, na serikali ikalazimika kulegeza, ingawa Mbingu mwenyewe alipelekwa uhamishoni Lamu. Uluguru nako watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani. Udongo wa juu kule ni mwembamba, na kuchimba ngazi kulifukua udongo usio na rutuba. Mwaka 1955 watu wakakusanyika Matombo kupinga, risasi zikalia, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa. Yaani kanuni sahihi, ikiletwa mahali pasipo pake na kwa kiboko, ilizaa damu.

Hata hivyo, tazameni Ukambani baada ya hapo. Wakulima wenyewe walikuja kupenda njia moja: unachimba mtaro kukingama mteremko na udongo unautupa upande wa juu. Wakaiita fanya juu, na kwa jina hilo hilo la Kiswahili inafundishwa duniani. Machakos ilikuwa na watu kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930, na karibu milioni 1.4 mwaka 1989. Watu walizidi namna hiyo, lakini mmomonyoko ulipungua na miti ikaongezeka, kwa sababu kila mtu alijua faida ya tuta lake ni yake.

Na sisi je? Wazee mnaosoma mnajua kuliko mimi. Milima yetu ya Irangi ilianza kuvunjika zamani. Wakati wa Mwingereza vichaka vilifyekwa ili kufukuza mbung'o, mashamba na mifugo vikaongezeka kwenye miteremko, na makorongo yakaanza kufunguka kama vidonda. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Walichimba matuta, wakapanda miti, lakini makwato hayakuacha kitu kiote. Mwaka 1979 ikaamuliwa mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256.

Nilikuwa na miaka 7. Nakumbuka asubuhi ile babu alivyotoa ng'ombe zizini, akiwataja mmoja mmoja kwa majina yao, kuwapeleka kwa shemeji yake huko mbugani. Hakulia mbele yetu. Lakini zizi hakulibomoa mpaka alipofariki. Tulikosa maziwa, tulikosa mbolea. Sitaki mtu anidanganye kwamba lilikuwa jambo jepesi.

Na pia sitaki kuwadanganya kwamba halikuleta kitu. Baada ya miaka michache tu majani yalirudi, wala hakuna aliyeyapanda! Mizizi na mbegu zilikuwa chini zinasubiri. Miti ikachipua kwenye visiki. Makorongo yakaanza kufunikwa, na mchanga uliokuwa umeshuka bondeni watu wakaulima. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakaletwa ng'ombe wa maziwa wa kufugwa bandani, na mama akapata wake mmoja. Ule mteremko wetu wa juu, mdogo wangu, unaouona umelala bure, umelala kwa gharama ya ng'ombe wa babu. Wewe ulizaliwa umeshapona, kwa hiyo hukuuona ulipokuwa mgonjwa.

Mwaka jana niliwapeleka watoto mwendo wa saa mbili kwa gari kusini magharibi, mahali panapoitwa Cimarron National Grassland. Ilikuwa moja ya sehemu zilizoharibiwa vibaya kuliko zote. Serikali ilinunua mashamba yaliyokufa, ikapanda majani tena, na tangu mwaka 1960 ni hifadhi, zaidi ya ekari 100,000. Kwa macho utadhani hakijawahi kutokea kitu. Lakini kwenye ile ardhi iliyowahi kulimwa, mtaalamu anakuonyesha mpaka leo kwamba majani yake si sawa na pale pasipowahi kuguswa. Miaka karibu 90 imepita! Trekta lilipindua kwa siku moja.

Msidhani kwamba Wamarekani wameshajifunza yote. Baada ya vita ya pili walianza kuvuta maji ya chini ya ardhi, hazina moja kubwa iliyo chini ya majimbo 8 inayoitwa Ogallala. Kwa maji hayo wanamwagilia mahindi, mahindi yanalisha ng'ombe, na ng'ombe hao ndio ninaowakata mimi kila siku. Sehemu nyingi za huku maji yanatolewa kwa kasi kuliko mvua inavyoweza kuyarudisha, na visima vingine vimeshakauka. Mimi naye mshahara wangu unatoka kwenye maji hayo, kwa hiyo sinyooshi kidole kwa mtu. Ila kaskazini huko, wilaya ya Sheridan, wakulima walikaa wenyewe, wakakubaliana kupunguza maji kwa asilimia 20 kuanzia mwaka 2013. Wakatimiza, na hawakufilisika. Hakuna aliyewapiga kiboko.

Mimi katika haya yote nimeona jambo moja. Ardhi hupona, lakini ina mpaka wake, na anayeuona mpaka huo kwanza ni yule anayeishi juu yake. Mwenye amri wa mbali hauoni. Mwenye hela wa mbali naye hauoni. Ndiyo maana kuitunza hakuwezi kutoka kwa barua ya ofisini wala kwa hela ya kaka aliyeko Kansas.

Basi jibu langu, mdogo wangu, ni hili. Shamba la bondeni, la tambarare, hela ya alizeti nimeshatuma. Lima, uza, na Mungu akupe bei nzuri. Kwa ule mteremko hela yangu ya trekta haitaingia. Lakini na mimi nisije nikawa mtu wa amri. Kaeni kikao: mama, shangazi, wewe na mkeo, na yule jirani wa chini, maana maji ya mteremko wetu yanapita kwake. Amueni ninyi. Mkitaka majani ya kukata kwa ajili ya ng'ombe wa bandani, au mizinga ya nyuki, au kuchimba fanya juu pale pembeni palipoanza kuchimbika, niambieni gharama, nitabeba maboksi ya usiku nikiongeza zamu. Neno la mwisho ni lenu, kwa sababu vumbi nalo litakuwa lenu.

Na kabla ya kikao, nakuomba kitu kimoja tu. Panda juu kule peke yako asubuhi, chimba kwa mkono kwenye majani, fuata mzizi mmoja unakoishia. Halafu unipigie unieleze umefika wapi.

Mama, shikamoo. Tutaongea Jumapili, Mungu akipenda.